Hotuba Mbili za Mkalimani

Nina sauti yake kwenye simu, saa nyingi za sauti yake, na ya marehemu mama yangu sina hata sekunde moja. Ukinipigia wakati naisikiliza utadhani niko kanisani. Wala. Niko jikoni nachambua ndengu, na mzee ambaye nimeapa mara kadhaa kwamba simpendi tena ananihubiria kwa lugha mbili.

Hapa Mukuyuni hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mkalimani tu. Hata mkewe, akimtafuta sokoni, aliuliza wauza mboga, "Mkalimani amepita hapa?" Jumapili alisimama kushoto kwa mhubiri, nusu hatua nyuma, na kila kilichosemwa kwa Kiswahili au Kiingereza alikigeuza Kikamba kwa ajili ya wazee waliokaa mbele. Siku nyingine za wiki alikuwa fundi wa nguo, akishona sare za shule kwenye veranda ya duka kwa cherehani ya kukanyaga. Kiswahili alikitoa Mombasa alikofanya kazi ujanani, akarudi nacho kikiwa kimenyooka. Si kama hiki chetu cha kuokoteza, ambamo kitabu, viatu na mbuzi vyote hukaa ngeli moja bila ugomvi.

Alikuwa na kiburi cha kazi yake, na mimi nilikipenda kiburi hicho. Kuna siku alikuja mhubiri mmoja kutoka Nairobi, mtu wa suti na kitambaa cha kujipangusa jasho, akahubiri kwa pumzi moja mpaka tukaanza kumwonea huruma. Alipotua, Mkalimani alisema maneno kama manne hivi, akanyamaza. Mhubiri akamgeukia. "Ni hayo tu?" Mkalimani akamjibu kwa upole, "Kikamba ni kifupi, Askofu." Wazee waliendelea kutazama mbele kwa uso wa ibada, lakini mabega yalikuwa yanatikisika benchi zima.

Siku nyingine mgeni wa Pwani alisoma yale maneno ya Yesu kuwaambia wanafunzi waende ulimwenguni kote. Akapaza sauti: "Nataka mwende! Bwana anasema mwende!" Sasa, mdogo wangu aliitwa Mwende, na alikuwa amesimama pale na kwaya. Kanisa zima likamgeukia. Watoto wakaanza kucheka, na Mwende mwenyewe, ambaye hakuwahi kushindwa kucheka, akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mkalimani alinyoosha mkono kumsimamisha mhubiri, akamweleza mbele ya watu wote: "Mheshimiwa, utatuvuruga. Kwenu kwenda ni safari. Kwetu kwenda ni kupenda, ni kutaka. Mwende ni mpendwa. Ukisema unataka Mwende, baba yake yuko pale, kaongee naye." Watu walicheka mpaka mahubiri yakaharibika. Baba naye alicheka.

Nimekieleza kisa hicho kwa sababu kila mtu wa kwetu anakijua, na kwa sababu kinaonyesha kwamba yule mzee alilifahamu neno hilo vizuri. Hakuna mtu Mukuyuni aliyelifahamu kuliko yeye.

Alikuwa akijirekodi. Mfuko wa shati lake ulikaa na simu ndogo, na kabla ya kusimama popote kusema aliibonyeza. Jioni, akipiga pasi sare, alijisikiliza. Akikuta amekosea, hakulala na kosa lake. Jumapili moja alitafsiri habari ya ile mikate mitano, akasema ni ya ngano. Jumatatu asubuhi alifunga cherehani akapanda kilima mpaka kwa bibi mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuyashika mahubiri neno kwa neno. Nilikuwa nimekwenda kwa bibi huyo kuomba mbegu, kwa hiyo niliona mwenyewe.

"Susu, jana nilisema ngano," akamwambia, bado anahema. "Si ngano. Ni shayiri."

"Na hiyo shayiri ndiyo nini?"

"Hata mimi sijawahi kuiona."

Kisha akashuka kilima kurudi kazini. Wakati huo niliona ni uzuri wa ajabu, mtu kutembea jua lote lile kwa ajili ya nafaka ambayo hata haioti kwetu. Nilimweleza Mwende, naye akasema, "Huyo mzee akikosea jina lako siku ya hukumu atamfuata malaika amrekebishe."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa sababu yake, ukweli lazima niuseme. Nilipokuwa darasa la saba aliniita dukani akanipa kamusi yake mwenyewe, jalada limeshikwa kwa uzi wa kushonea. Insha zangu alizisoma akiwa amesimama, sindano mdomoni, na kila ngeli iliyopinda aliipigia mstari kwa chaki ya kukatia nguo. Hakutaka shukrani. Ukimshukuru alisema, "Lugha si yangu, mimi ni njia tu." Ilikuwa kauli yake ya kila siku: mimi ni njia tu. Nami niliona ni unyenyekevu.

Lakini hakuwa njia tu, hata kidogo. Mara moja, pale Kambu, barabara kuu ya Mombasa, lori la mbuzi lilirudi nyuma likaangusha meza ya mama mmoja muuza mapapai. Mwenye mbuzi alikuwa mfanyabiashara Mwislamu kutoka kaskazini, mtu mkubwa mwenye ndevu nyekundu za hina. Mama alikuwa mzee wa kutoka ndani kabisa huko Ikutha, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Mkalimani alikuwa amekwenda kununua vifungo, na bila kuombwa akajiweka katikati.

"Mwambie huyu mama akili yake na ya mbuzi wangu ni moja," akasema yule wa lori.

Mkalimani akamwambia mama kwa Kikamba, "Anasema pole sana, hata mbuzi wake wameshtuka."

Mama akamjibu kwamba huyo mtu ananuka, akaoge.

"Anasema nawe pole," Mkalimani akatafsiri. "Mkifika salama mpumzike, muoge, uchovu utoke kidogo."

Yule bwana alitulia, akayanunua mapapai yote, hata yaliyopondeka. Wakaagana kwa kushikana mikono. Kisa hicho kilitembea. Wachungaji walikisimulia kama mfano wa mpatanishi. Mimi pia nilikisimulia chuoni na watu wakacheka. Leo nikikikumbuka sicheki. Watu wawili walisema walichotaka kusema, akasimama mtu wa tatu akaamua kila mmoja asikie nini. Hayo yalikuwa ni mapapai, basi tukamsifu.

Na huyu aliyewaamulia wengine, mwenyewe hakuwahi kuamua kitu. Mkewe alikuwa akilalamika kwa mizaha. "Ukimuuliza ale nini, anasema chochote. Ukimuuliza avae shati gani, anasema mtakavyoona. Hata kunioa, ni dada yake alikuja kuniangalia." Kanisani alipigiwa kura ya uzee wa kanisa mara mbili na mara mbili alikataa, na hata kukataa kwenyewe alikusema hivi: "Sikatai. Nasema tu pengine isiwe." Hilo halikumzuia kuhubiri juu ya hiari. Alilipenda neno hilo kama wanavyopenda wengine sukari. Akipewa nafasi ya kusema mwenyewe, kwenye harusi au siku ya wazazi shuleni, lazima angefika kwenye hiari.

Hotuba yake ya kwanza, kati ya zile mbili ninazotaka kuzieleza, ilikuwa ya hiari tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliitoa katika ukumbi wa kanisa, mchana, siku alipokuja afisa kumuuliza Mwende swali moja.

Mwende alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na tulikuwa tumepanga aingie uuguzi. Baba akampatia mume wa Ikutha, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekaribia kulingana na baba mwenyewe kwa umri. Mama alikuwa ameshatutoka, na mimi nilikuwa chuo cha ualimu, mbali. Mbuzi wa ntheo wakaletwa. Hao ni mbuzi ambao wakishapokelewa na kuliwa, msichana kwetu huhesabiwa ameolewa, hata kama bado yuko kwao anaosha vyombo. Mkalimani alikula mbuzi hao pamoja na wazee wengine, maana alikuwa rafiki wa baba. Kisha mwalimu mmoja wa Mwende akasikia kwamba msichana analia, akapeleka habari kwa wakubwa. Ndipo akatumwa afisa, mtu wa Pwani, mgeni katika eneo letu. Namsikia kwenye rekodi. Ni mtu mpole, anauliza kama watu wamekunywa maji. Alikuja kusaidia, sina neno naye.

Mkalimani alibonyeza simu yake kama kawaida, kwa hiyo yote yapo.

"Mheshimiwa," anaanza, na Kiswahili chake siku hiyo kimevaa tai, "hapa kwetu hakuna mtu anayefungwa kamba. Mungu mwenyewe, pamoja na uwezo wake wote, akitaka kuingia moyoni mwako anabisha hodi, anangoja. Binti huyu atachagua. Atasema kwa kinywa chake, na sisi wazee tutafuata. Hiari ni zawadi ambayo hata mzazi hawezi kumnyang'anya mtoto wake."

Anaendelea hivyo muda mrefu, na ni hotuba nzuri, ningeipa alama za juu. Halafu anawageukia wazee awaelezee kwa Kikamba aliyoyasema. Kikamba, kama ajuavyo Askofu, ni kifupi. Kwa afisa alisema atachagua. Kwa wazee alisema mtoto ataulizwa, atajibu, tumalize. Hiari haimo.

Kisha namsikia akimwambia Mwende, taratibu, sauti ile ile aliyonisomea insha zangu: "Mwaitu, mama, ongea Kikamba. Ongea cha moyoni. Usiogope. Mimi niko hapa, nitakufikishia."

Afisa anauliza: "Binti, unakwenda huko Ikutha kwa hiari yako?"

Mwende anajibu neno moja. "Ndikwenda."

Mtoto wa miaka mitatu wa Ukambani anajua maana yake. Ni sitaki. Sitaki, basi, halina maana ya pili. Lakini mpe neno hilo mtu wa Pwani, ambaye ameuliza habari ya kwenda, na sikio lake litamletea kitu kingine kabisa.

"Ndio, kwenda," afisa anasema, na unasikia kalamu ikiandika. "Haya, vizuri. Amekubali."

Halafu kimya. Benchi linalia, kuku anapita nje ya dirisha. Ni kimya kirefu, mtu angeweza kusema "hapana, sikusema hivyo" mara kadhaa na kuvuta pumzi katikati. Kisha sauti ya baba: "Basi tuombe." Na anayeomba ni Mkalimani.

Baba alinipigia simu wiki hiyo. "Mdogo wako ameolewa," akasema. "Serikali yenyewe ilikuja kuuliza, akakubali mwenyewe, ikaandikwa." Nilikasirika, tena sikumkasirikia baba. Nilimkasirikia Mwende. Niliona amenisaliti, ametupa uuguzi kwa sababu ya ng'ombe wa mtu. Aliponipigia kutoka Ikutha sikumpa hata nafasi ya salamu.

"Si ulichagua mwenyewe?" nikamwambia. "Si uliulizwa mbele ya watu?"

Akasema, "Muulize Mkalimani."

Tulikuwa tukisema hivyo tangu utoto. Ukikutana na neno gumu, muulize Mkalimani. Nilidhani ananifanyia mzaha, nikakata simu. Tulizungumza mara chache baada ya hapo, habari za mvua na bei ya mahindi, kama majirani. Nilimwambia tena, katika moja ya simu hizo, kwamba kila mtu hulala alivyotandika. Niliyatamka maneno hayo mimi, dada yake mkubwa, na nimekuwa nayo kooni tangu siku hiyo.

Mwaka wa tatu wa ndoa yake alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe alikuwa mnadani na ng'ombe. Mwende aliomba apelekwe hospitali, na mama mkwe akasema lazima mwenye boma aseme kwanza. Walimpigia simu haikuingia. Wakapiga tena. Walipompata ilikuwa asubuhi ya pili, na pikipiki ilipofika hapakuwa na haja nayo. Mtoto naye hakuishi.

Tulimzika huko Ikutha, kwenye udongo mwekundu uliokauka mpaka sururu ikawa inaruka. Baba hakuweza kusimama kusema. Akasimama Mkalimani kwa niaba ya upande wetu, akabonyeza simu yake, na hiyo ndiyo hotuba ya pili.

"Ndugu zetu, mtoto wetu aliitwa. Alipangiwa safari fupi. Siku yake ilikuwa imeandikwa, na njia yake ilikuwa imekatwa kabla hajazaliwa. Hakuna aliyejichagulia kuja duniani, na hakuna anayejichagulia kutoka. Alitolewa kwetu, akaletwa kwenu, sasa amechukuliwa. Jina la Bwana libarikiwe."

Watu walilia. Mimi nililia. Ilinifariji, ndiyo, hotuba ile ilinifariji, na hilo linanichoma leo kuliko mengine.

Baada ya mazishi nilipata kazi shule ya karibu na nyumbani. Mkalimani alikuja hadi mlangoni mwangu akanipa kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare. "Humu mna miaka yangu yote," akasema. "Zitakusaidia kufundisha hotuba." Nilianza kuzisikiliza polepole, mahubiri baada ya mahubiri, na ulipita karibu mwaka kabla sijaifikia ile ya ukumbini. Nilikuwa nimeshika kisu, nakata sukumawiki. Nililisikia neno, nikarudisha, nikasikia tena. Sikumaliza kupika siku hiyo.

Muhula uliofuata niliziandika ubaoni hotuba zote mbili, vipande vipande, bila kusema ni za nani. Niliwaambia wanafunzi wazilinganishe: kila moja inasema nini juu ya uamuzi wa mtu? Walifanya kazi nzuri kuliko nilivyotegemea. Wakaona kwamba ya kwanza imejaa kauli ya kutenda, atachagua, atasema, tutafuata, na ya pili yote ni kauli ya kutendwa, aliitwa, alipangiwa, aliletwa, amechukuliwa. Mmoja akasema ya kwanza inazungumza na mtu aliye hai na ya pili juu ya mtu aliyekufa, ndiyo maana. Msichana mmoja wa nyuma, asiyependa kunyoosha mkono, akanyoosha.

"Mwalimu, kwa hii ya pili, nani alifanya?"

"Alifanya nini?"

"Hayo yote. Ametolewa, ameletwa. Nani alimtoa? Hakuna mtu ndani."

Nikawaambia wafute ubao, kengele bado haijalia.

Nimefikiri sana juu ya swali la mtoto yule. Katika hotuba ya kwanza kila kitu kimewekwa mikononi mwa Mwende, na wakati huo hakuwa na chochote mikononi. Katika ya pili mikono yote imeondolewa, ya baba, ya mume, ya mama mkwe, ya wazee waliokula mbuzi, na ya msemaji mwenyewe, kana kwamba msichana alibebwa na upepo kutoka Mukuyuni mpaka Ikutha. Alipokuwa anaweza kuokolewa, mambo yalikuwa yake. Alipokwisha kufa, yakawa ya Mungu. Mtu yule yule, simu ile ile mfukoni.

Hata hivyo lilibaki jambo moja ambalo rekodi haikunijibu, na ndilo lililoniuma zaidi. Mwende alikijua Kiswahili. Alikijua kuliko mimi, alipata alama za juu kuliko zangu. Alimsikia afisa akisema amekubali. Mbona alinyamaza? Baba alikuwa na jibu lake, alilirudia kila nilipolianzisha: angekuwa hataki angesema tena. Na mimi, Mungu anisamehe, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inakubaliana naye.

Nilikwenda kwa Mkalimani mwezi wa nane, shule zimefungwa. Alikuwa ameacha kutafsiri. Kanisani siku hizi maneno yanaonyeshwa ukutani kwa mwanga, na wazee wa benchi la mbele wamepungua. Sukari ilikuwa imemla miguu, amevimba, amekaa kivulini nyuma ya nyumba, cherehani imefunikwa gunia.

"Ala, Mwalimu!" mkewe akasema. "Umetupotea hivyo? Keti, nilete chai."

"Wĩ mũseo, mwaitu?" Mkalimani akanijulia hali.

"Nĩ mũseo, mzee. Nimekuja unitafsirie kitu."

Uso wake ulifunguka. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumwomba. Akajiweka sawa kitini, akafunga kifungo cha juu cha shati. Niliweka simu kwenye stuli nikaibonyeza, na sauti yake ya zamani ikatoka: Mheshimiwa, hapa kwetu hakuna mtu anayefungwa kamba.

Alijua mara moja. Niliona. Lakini hakuniambia nizime. Alisikiliza hotuba yake mwenyewe mpaka mwisho, na nilipofika kwenye jibu la Mwende nikasimamisha.

"Anasema nini hapo?"

"Anasema, sitaki," akajibu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

"Ulijua imo ndani ya kadi uliyonipa?"

"Nilijua."

"Mbona hukuifuta?"

"Mimi huwa sifuti."

Chai ikaletwa, ikakaa. Nikamuuliza mbona hakumrekebisha afisa, yeye aliyepanda kilima kwa ajili ya shayiri. Alizungumza polepole, akitazama miguu yake. Afisa alikuwa ameshaelewa, alisema. Kalamu ilikuwa imeshaandika. Mbuzi walikuwa wameliwa, baba yangu ni rafiki yake, jua kali, watu wana njaa. Alijiambia atamvuta afisa kando wakitoka. Afisa alitoka na haraka.

"Basi Jumapili njoo useme kanisani," nikamwambia. "Sema alichosema."

"Nimwambie nani, mwaitu? Mle ndani mgeni alikuwa mmoja, na alishahamishwa. Hao wengine wote ni Wakamba."

"Baba alisikia?"

"Baba yako alikuwa amekaa karibu kuliko mimi."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya lugha mbili, nimeyaandaa njia nzima, na sasa sikuyaona. Nikamuuliza lile lililobaki.

"Na yeye? Alikijua Kiswahili. Nafasi ilikuwepo, sikiliza." Nikabonyeza, tukasikiliza wote wawili kile kimya, benchi, kuku. "Mbona hakusema tena? Mbona alinyamaza?"

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akifanya zamani akitafuta kosa lake. Kisha akainua mkono wa kulia, kiganja kikinitazama, akauacha hewani.

"Wahubiri wengine wanakimbia na maneno," akasema. "Ukiwainulia mkono hivi wanakungoja umalize sentensi. Mwende alikuwa amefungua kinywa, nilimwona. Alitaka kumwambia afisa kwa Kiswahili. Nikamwinulia mkono."

"Halafu?"

"Akafunga kinywa. Alikuwa mtoto wa adabu. Alidhani nataka kusema." Mkono bado hakuushusha. "Alinitazama. Hata tulipofumba macho kuomba, bado alikuwa ananingoja."